Maswali ya Wasomaji: Mtihani wa Cheti cha Rasilimaliwatu kwa Anayefanya Kazi Lubumbashi

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu mitihani ya kimataifa ya cheti cha rasilimaliwatu. Nimechagua tano, nikazifupisha kidogo na kuondoa majina, kwa sababu baadhi ya walioandika hawapendi mabosi wao wajue kwamba wanasoma.

"Nianzie wapi, nami nilisoma kwa Kifaransa?"

*Yaya, nakusalimu. Nina lisansi ya usimamizi wa wafanyakazi niliyoipata hapa hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wa tatu ninafanya kazi katika kampuni ndogo inayopeleka wafanyakazi kwenye migodi ya upande wa Likasi. Mwaka mmoja na nusu wa kwanza nilikuwa getini nikifanya pwentaji ya mahudhurio. Sasa niko ofisini, kwenye mishahara na kontra, yaani mikataba ya kazi. Nataka kufanya mtihani wa cheti lakini herufi zimenichanganya: PHR, PHRi, aPHRi, SHRM-CP. Tena Kiingereza changu ni cha kusoma kuliko cha kuongea, umeme unakatika saa yoyote, na nyumbani kuna watoto wawili. Nianzie wapi? — Mama wa Katuba*

Mdogo wangu, tuanze na herufi, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa kabla hata hawajafungua daftari. Vyeti ulivyovitaja vinatolewa na taasisi mbili za Marekani, HRCI na SHRM. PHR, PHRi na aPHRi ni vya HRCI. SHRM-CP, kama jina linavyoonyesha, ni cha SHRM. PHR isiyo na herufi "i" mwishoni imejengwa juu ya sheria za kazi za Marekani, na mtahiniwa anatakiwa kuzijua kama anavyojua njia ya nyumbani kwake. Kuna, kwa mfano, sheria yao ya mwaka 1993 inayomruhusu mfanyakazi kukaa nje ya kazi hadi wiki 12 bila mshahara kwa ajili ya uzazi au ugonjwa wa ndani ya familia, nayo inawabana waajiri binafsi wenye wafanyakazi 50 na kuendelea. Kwetu Kongo mama mjamzito ana wiki 14, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Mwenzangu mmoja aliletewa kitabu kinene cha PHR na shemeji yake aliyetoka Johannesburg, akakisoma miezi miwili akikariri sheria ambazo hazitapita mezani kwake hata siku moja, ndipo akagundua kwamba mtihani wake ni ule wenye "i". Herufi hiyo moja ina maana kwamba umetungwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi nje ya Marekani, na kwamba unapima kanuni za kazi yetu bila kukuuliza sheria ya nchi moja.

Sasa, PHRi au aPHRi? PHRi inataka uzoefu: mwaka mmoja kwa mwenye shahada ya uzamili, miwili kwa mwenye shahada ya kwanza, minne kwa asiye na shahada. Kwa kutazama karatasi tu utasema una lisansi na miaka mitatu, basi umepita. Mimi sisemi hivyo haraka. Uzoefu unaohesabiwa ni ule wa kitaalamu, yaani kazi ambayo ndani yake unapima jambo, unatoa uamuzi au unamshauri meneja, na pwentaji ya getini, kwa heshima zote za baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita, ni kazi ya kuandika nani ameingia na nani hakuingia. Kwa hiyo hesabu mwaka mmoja na nusu wa ofisini, kisha ujiulize kwa ukweli ni sehemu gani ya huo ulikuwa unaamua na sehemu gani ulikuwa unajaza fomu. Ukiona haufiki miaka miwili, aPHRi haidai uzoefu wowote, nayo si aibu. Ina maswali 90 kwa muda wa saa moja na dakika 45, na kati ya hayo 25 ni ya majaribio ambayo hayahesabiwi. PHRi ina maswali 115 kwa saa mbili, nayo vilevile ina 25 yasiyohesabiwa. Hutaambiwa ni yapi, na faida pekee ya kulijua hilo ni kwamba ukikutana na swali la ajabu lisilofanana na chochote ulichosoma, usilikalie dakika tano huku moyo ukienda mbio. Huenda ni mojawapo ya hayo.

SHRM-CP ni mtihani wa namna nyingine. Una maswali 134 kwa saa tatu na dakika 40, na sehemu kubwa yake ni visa: unasimuliwa tukio la ofisini, kisha unaulizwa hatua iliyo bora. Hufanyika kwa misimu miwili tu, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 15 Julai, na kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Februari. Mtu wa Kiingereza kizito namshauri asianze nao, kwa kuwa visa ni virefu na tofauti kati ya jibu zuri na jibu bora imefichwa ndani ya neno moja au mawili.

Hapo tumefika kwenye Kiingereza, nami nataka nikae hapo kidogo. Watu wanakwambia ukajifunze Kiingereza kwanza, kana kwamba utaandika riwaya. Unachohitaji ni maneno mia tatu au mia nne ya kazi hii, uyajue hadi mtu akikuamsha usiku uyataje. Hatari kubwa kwako wala si maneno usiyoyajua. Ni yale unayodhani unayajua, kwa sababu yanaandikwa sawasawa na ya Kifaransa tunachokitumia ofisini kila siku. Tazama neno *grief*. Kwetu mfanyakazi akileta *grief* ameleta lalamiko dhidi ya mwajiri. Kwa Kiingereza herufi hizo hizo ni huzuni ya msiba, na lalamiko lina neno jingine. *Stage* kwetu ni mazoezi ya kazi ya mwanafunzi. Kwao ni hatua, au jukwaa. *Prime* kwetu ni nyongeza ya mshahara anayoisubiri kila mtu mwezi wa kumi na mbili. Kwao si pesa hata kidogo. *Formation* kwetu ni mafunzo, na mtu anayelisoma hivyo katika mtihani atajibu swali ambalo hakuulizwa.

Chukua daftari la kurasa kubwa, uligawe safu tatu za wima. Kushoto andika neno la Kiingereza, katikati neno la Kifaransa ulilosomea, na kulia eleza maana yake kwa Kiswahili, kwa maneno yako mwenyewe, kama unavyomweleza mama yako anayeuza unga sokoni. Ile nafasi ya kulia ndiyo inayokupima. Kifaransa kinaweza kukudanganya kwamba umeelewa, kwa sababu umekariri tafsiri; lakini ukishindwa kumweleza mama yako tofauti kati ya kupima kazi na kumpima mfanyakazi, hujaelewa bado, na mtihani utakukamata hapo hapo. (Kupima kazi ni kuuliza kazi hii ina uzito gani ikilinganishwa na nyingine katika kampuni, awe anaifanya nani. Kumpima mfanyakazi ni kuuliza huyu aliyekaa kwenye kiti hicho ameifanya vipi. Wengi wetu tunayachanganya kwa sababu kwenye kampuni ndogo mshahara unafuata sura ya mtu.)

Kuhusu umeme sina la kukufundisha ambalo Katuba haijakufundisha. Pakua muhtasari wa maudhui ambao HRCI yenyewe inautoa bure kwenye tovuti yake, uuchape kwenye karatasi, na usome kwa karatasi. Muhtasari huo unaonyesha kila eneo lina asilimia ngapi ya mtihani. Gawa wiki zako kwa uwiano huo, wala usizigawe kwa kufuata sura za kitabu ambazo zote zinaonekana sawa. Mtu anayefanya kazi ya mishahara kila siku hupenda kurudia mishahara, kwa sababu inamfariji, na huacha mafunzo na maendeleo ya wafanyakazi hadi wiki ya mwisho. Anza na unachokikimbia. Kwa mwenye watoto wawili, saa moja kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri ina thamani kuliko saa tatu za usiku zinazovunjwa kila baada ya robo saa, na kwa mwendo huo miezi minne inatosha kwa aPHRi.

Mwisho kwako: mahali pa kufanyia. Mitihani hii inaweza kufanyika nyumbani mbele ya kamera, mtu akikusimamia kupitia intaneti. Meza iwe tupu, asiingie mtu chumbani, isisikike sauti ya mtu mwingine, na uunganisho usikatike. Ndani ya lupango, ua mmoja ambamo familia tatu zinaishi, na jirani anasaga mihogo saa anayoitaka yeye, mimi nisingethubutu. Mimi nilifanyia Lusaka, katika kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko yapata kilomita 90 kutoka mjini, lakini foleni ya malori huamua yenyewe siku yako itaishia wapi. Kwa hiyo fika Lusaka siku mbili kabla, beba pasi ya kusafiria na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, na weka nauli hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo. HRCI inatoza dola 100 za maombi ambazo hazirudishwi hata ukikataliwa, mbali na ada ya mtihani wenyewe. Ndiyo sababu nilikusumbua sana kuhusu pwentaji.

"Nimefanya kazi miaka kumi na moja, nimeshindwa mtihani"

*Yaya, mimi ni mkuu wa wafanyakazi katika kampuni ya uchukuzi, miaka kumi na moja sasa. Nilifanya PHRi nikapata 478, na inatakiwa 500. Vijana niliowafundisha kazi mimi mwenyewe wamepita. Naona haya hata kusema. Je, nirudie kitabu chote? — Baba wa Kampemba*

Baba, pokea pole zangu, kisha uniruhusu nikuulize jambo: ulisoma kitabu au ulitegemea miaka kumi na moja?

Alama zenyewe kwanza. Kipimo chao kinaanzia 100 hadi 700, na 500 ndiyo mpaka wa kupita. Haimaanishi kwamba ulitakiwa kupata asilimia 71, kwa kuwa alama hizo zimepimwa upya ili mtihani mgumu kidogo na mtihani mwepesi kidogo vitoe matokeo yanayolingana. Ukiwa na 478 hukuwa mbali. Ripoti uliyopewa inaonyesha eneo kwa eneo ulikuwa na nguvu wapi na udhaifu wapi. Isome hiyo kabla hujagusa kitabu.

Lakini nina wasiwasi kwamba tatizo lako haliko kwenye eneo lolote moja. Nitakutungia swali, nawe ujibu kabla hujaendelea kusoma.

Msimamizi wa karakana anaingia ofisini kwako akiwa amekasirika. Anasema fundi mmoja amechelewa mara tatu mwezi huu na anataka aondoke leo. Ufanye nini kwanza? Jibu la kwanza: umwandikie fundi barua ya kuomba maelezo na kumpa saa 48 ajibu. La pili: umweleze msimamizi kwamba sheria haimruhusu kumfukuza mtu hivyo. La tatu: upitie pamoja na msimamizi kumbukumbu za mahudhurio na kanuni za kampuni kuhusu kuchelewa. La nne: umhamishie fundi idara nyingine.

Naweka dau kwamba umechagua la kwanza. Mimi pia ningelichagua, na ofisi tano kati ya sita za Lubumbashi zingelichagua, kwa sababu kwetu barua ya kuomba maelezo ndiyo mlango wa kila jambo; mkono unaifuata kabla ya kichwa kufikiri. Jibu linalotafutwa ni la tatu. Swali limesema *kwanza*, na kabla ya kumwandikia mtu barua unatakiwa ujue kama kweli alichelewa, mara ngapi, kama kanuni ya kuchelewa ipo na kama wengine waliochelewa vilevile walitendewa hivyo hivyo. Huenda ukakuta kwamba fundi huyo alihamishiwa zamu ya asubuhi na hakuna aliyemwambia. La pili ni kweli tupu, lakini linamfunga mdomo msimamizi bila kumsaidia. La nne linahamisha tatizo pamoja na mtu wake. Barua yako ya kwanza si kosa. Imekuja kabla ya zamu yake.

Miaka kumi na moja imekufundisha kujua bosi wako atakubali nini, na hiyo ni akili ya kazi ambayo hakuna cheti kinachoitoa. Mtihani haumjui bosi wako. Unaanzia kwenye ofisi ambamo kanuni zimeandikwa, kumbukumbu zinatunzwa na mkurugenzi anasikiliza, kisha unauliza mtu mwangalifu angefanya nini katika ofisi hiyo. Mimi mara ya kwanza nilijibu maswali kama mtu aliyekaa katika ofisi yangu ya wakati ule, ambamo mkurugenzi alikuwa akituma uamuzi kwa simu usiku na sisi asubuhi tunatafuta karatasi za kuupamba, nikashindwa, tena kwa alama za chini kuliko zako.

Kwa hiyo usirudie kitabu chote. Chukua maswali ya mazoezi kumi kila jioni, na kwa kila swali andika kwa nini yale majibu matatu mengine hayafai. Kujua jibu sahihi peke yake hakukufundishi kitu. Piga mstari chini ya neno linaloamua: kwanza, bora, isipokuwa, kabla ya. Kisha fanya mara mbili zoezi zima kwa saa, maswali 115 ndani ya dakika 120, kwani hiyo ni kama dakika moja na sekunde tatu kwa swali, na mtu aliyezoea kusoma faili kwa utulivu na kikombe cha chai pembeni hujikuta maswali ishirini yamebaki na muda umekwisha. Na wale vijana wako waliopita, waite Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, wakusahihishe. Hawatakudharau. Ulichowafundisha ndicho walichokwenda nacho.

"Ameniambia ana maswali yenyewe"

*Yaya, kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anauza maswali ya kweli ya mtihani kwa dola 80, anasema yametoka ndani. Je, ni vibaya kununua ili nijipime tu? — Msomaji wa Ruashi*

Ni vibaya, tena ni ujinga. Kabla ya swali la kwanza kutokea kwenye skrini, kila mtahiniwa anakubali kwa maandishi kutotoa maswali nje. Ikijulikana umeyapata kwa njia ya pembeni, matokeo yanafutwa na ada yako imekwenda. Hiyo ni ikiwa ni ya kweli. Nimeonyeshwa karatasi moja ya namna hiyo: nusu ya maswali yake yalikuwa ya sheria za Marekani ambazo mtihani wenye "i" hauulizi, na mengine yalikuwa na majibu mawili yanayofanana neno kwa neno. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na huna pa kwenda kushtaki. Dola 80 hizo ongeza kidogo utafute maswali ya mazoezi yanayouzwa na taasisi yenyewe.

"Na sheria yetu ya kazi, niisome au niiache?"

*Mimi na wenzangu watatu tunasoma pamoja pale Kamalondo. Mmoja anasema tusiguse kabisa sheria ya Kongo hadi baada ya mtihani, maana inachanganya. Mwingine anasema mtu wa rasilimaliwatu asiyejua sheria ya nchi yake ni bure. Tuamulie. — Kikundi cha Kamalondo*

Wote wawili wana haki, na nitawaamulia kwa kuwapa makabati mawili.

Kabati la kwanza ni la mtihani. Humo hamna sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 inayoweka kanuni za kazi Kongo, wala yale yaliyobadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Ukiulizwa kuhusu kumwachisha mtu kazi, usianze kuhesabu siku za preavi, yaani notisi ya kuvunja mkataba. Unaulizwa juu ya utaratibu, kumbukumbu, haki ya kusikilizwa na hatari kwa kampuni. Mtu anayeingia na namba za kwetu kichwani huchagua jibu lenye namba, na mara nyingi jibu hilo ni mtego.

Kabati la pili ni la mezani pako Jumatatu asubuhi. Nitawapa mfano mmoja tu, kwa sababu ndio unaowaumiza watu wengi katika mji huu wa migodi na makampuni ya kati. Mfanyakazi wa kutwa akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mkataba mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Nimeona ofisi ambamo karani aliyekuwa na cheti kizuri ukutani alikuwa akiwaandika watu wale wale "kutwa" mwezi baada ya mwezi, akidhani kwamba bila karatasi hakuna kontra. Siku mmoja wao alipoachishwa na kwenda kwa mkaguzi wa kazi, hesabu ilianza upya, na preavi ikawa ni kitu cha kulipa: siku 14 za kazi, ukiongeza siku saba za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Kwa aliyefanya miaka minne ni siku 42 ikiwa mwajiri ndiye anayevunja, na nusu yake, siku 21, ikiwa ni mfanyakazi anayeondoka mwenyewe.

Namna ya kuyatumia makabati yote mawili bila kuyachanganya ni hii: kila mnapomaliza somo moja la mtihani, mmoja wenu aulize kwa dakika kumi, "Kwetu jambo hili sheria inasemaje?" Mjibu, mfunge kitabu cha sheria, mwende nyumbani. Kanuni ya mtihani itakaa vizuri zaidi kichwani kwa kuwa imepata mwili, na mwenzenu wa pili hatalalamika. Ila katika wiki mbili za mwisho namuunga mkono wa kwanza: kabati la pili lifungwe kwa ufunguo.

Mliniuliza pia kwa kifupi kuhusu cheti cha Nairobi, kwa kuwa sasa tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012 kwa wataalamu wa rasilimaliwatu, yenye usajili na mitihani yake. Kwa anayekusudia kuhamia huko ni njia ya maana. Kwa anayebaki Lubumbashi, siioni faida yake kwa sasa.

"Fomu ina nafasi mbili, mimi nina majina matatu"

*Yaya, nimefika kwenye kujiandikisha nikakwama. Fomu inataka jina la kwanza na la ukoo, nami nina jina, postnomu (jina la pili la asili) na prenomu (jina la Kikristo). Je, postnomu niiache? — Kijana wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi*

Usiiache, na usiamue mwenyewe. Tangu mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku na kila mtu akatafuta jina la babu la kujaza, sisi tumekuwa na majina ambayo fomu za watu wengine haziyatarajii. Prenomu ziliporudi tukabaki na matatu. Siku ya mtihani jina la kwenye fomu hulinganishwa na la kwenye kitambulisho, na likitofautiana unarudishwa mlangoni bila ada yako.

Fungua pasi yako kwenye ukurasa wa picha, utazame mistari miwili ya chini kabisa yenye herufi na alama nyingi za <. Mstari wa juu unaanza na P, kisha COD, ambayo ni nchi yetu. Yote yanayofuata hadi kwenye alama mbili << ndiyo pasi yako inayoyaita jina la ukoo, hata kama ni maneno mawili. Yaliyo baada ya hapo ni jina la kwanza. Nakili hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Ikiwa umeshajiandikisha kwa namna nyingine, waandikie uombe marekebisho sasa, kwani siku yenyewe hakuna anayerekebisha.

Na kama utafanyia nyumbani licha ya yote niliyomwambia Mama wa Katuba, tazama saa ya kompyuta yako. Dada mmoja ninayemfahamu aliazimwa kompyuta iliyotoka makao makuu Kinshasa, ikiwa bado kwenye saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtihani wake ulikuwa saa nne asubuhi ya Lubumbashi. Aliketi mapema, akasali, akaingia saa nne kasoro robo kwa saa ya kompyuta. Kwenye saa ya ukutani, nyuma ya mgongo wake, ilikuwa saa tano kasoro robo.